Paja Limekonda, Viini Vimekwenda Wapi?

Siku hogo lilipopasuliwa mguuni mwangu, kwa ule msumeno mdogo unaopiga kelele kuliko unavyokata, nilipatazama mara moja tu pale mfupa ulipovunjika. Macho yalinaswa na paja. Wiki sita ndani ya hogo hilo zilikuwa zimeligeuza kitu nisichokijua: jembamba, ngozi imelegea kama suruali ya kuazima. Dada wa mazoezi-tiba alizungusha futi ya fundi cherehani juu kidogo ya goti, akapima na mguu mzima, akaandika tofauti kwenye faili: sentimita nne.

"Ulikuwa unacheza mpira, kaka?"

Nikamwambia nilicheza mpaka nilipofika miaka thelathini.

"Basi usihofu. Nyama iliyowahi kuwepo inajua njia ya kurudi kwao."

Vijana wanaobeba vyuma husema vivyo hivyo. Aliyewahi kutuna akaacha jimu miaka miwili, akirudi hutuna upesi kuliko mgeni aliyeanza naye siku hiyo hiyo. Wanaita kumbukumbu ya msuli. Jina hilo lina mkanganyiko, kwa sababu hutumika pia kwa ule ustadi wa kuendesha baiskeli usiosahaulika, na ustadi huo unakaa kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Hapa tunazungumzia nyama yenyewe. Je, nyama inaweza kukumbuka kwamba iliwahi kuwa kubwa? Na kama inaweza, imeandika wapi?

Jibu lililovuma zaidi kwa miaka kumi na tano iliyopita ni kwamba imeandika kwenye viini vya seli zake. Ni jibu zuri, na kwa maoni yangu nusu yake imethibitishwa vizuri kuliko watu wengi wanavyojua, na nusu nyingine inasemwa kwa uhakika ambao haijaustahili bado.

Chukua nyama ya ng'ombe iliyochemshwa hadi ikalainika, uichambue kwa vidole. Vile vijinyuzi unavyovitoa kimoja kimoja ni mafungu. Ndani ya kila fungu mna nyuzi nyembamba kama unywele, na kila unyuzi ni seli moja. Seli nyingi za mwili zina kiini kimoja. Chembe nyekundu za damu hazina kabisa. Unyuzi wa msuli una mamia, na nyuzi ndefu hufikia maelfu. Sababu ni namna ulivyozaliwa. Tumboni mwa mama, seli changa za msuli hujipanga mstari, kuta zinazozitenganisha zinayeyuka, zinakuwa mwili mmoja, kila moja ikiwa imeingia na kiini chake. Protini inayofungua mlango wa kuungana huko, Myomaker, ilielezwa mwaka 2013 na Douglas Millay na wenzake katika maabara ya Eric Olson huko Dallas, Marekani. Panya aliyekosa jeni ya protini hiyo hupata seli za msuli zinazokaa jirani bila kuungana, na haishi.

Kwa nini viini vingi hivyo? Kiini ndicho kinachotunza DNA na kutoa maagizo ya kutengeneza protini, na maagizo hayo hayasafiri mbali. Protini nyingi hutumika karibu na kiini kilichoziagiza. Unyuzi wenye urefu wa sentimita kadhaa hauwezi kuendeshwa na ofisi moja. Kwa hiyo viini vimetawanyika pembezoni mwa unyuzi, chini tu ya utando, makumi kadhaa katika kila milimita, vikiwa vimeachiana nafasi kana kwamba kila kimoja kinamkwepa mwenzake. Mtanzania anayekumbuka mfumo wa balozi wa nyumba kumi ameshaelewa. Kila kiini ni balozi, na kina nyumba zake. Wataalamu wanaliita eneo hilo himaya ya kiini.

Mabalozi hawa nao si wa aina moja. Pale mshipa wa fahamu unapogusa unyuzi, viini hujikusanya na kutoa maagizo ya kutengeneza vipokezi vya ishara za neva. Pale msuli unaposhikana na kano, viini vingine vina shughuli nyingine. Na hawakai tu. Mwaka 2021 William Roman na wenzake walionyesha kwamba mazoezi yanapochana unyuzi kidogo, viini vilivyo jirani husafiri hadi kwenye jeraha ndani ya saa chache na kuanza kumwaga maagizo ya ukarabati papo hapo. Nikisoma hilo nafikiria maumivu ya siku ya pili baada ya mechi ya maveterani, na msafara unaokuwa umepita usiku kwenye mapaja ya watu wa makamo.

Jambo ambalo mabalozi hawawezi ni kuzaana. Kiini kilichokwisha kuingia ndani ya unyuzi hakigawanyiki tena. Kiini kipya lazima kitoke nje, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua wapi. Mwaka 1961, mjini New York, Alexander Mauro alikuwa akitazama msuli wa mguu wa chura kwa hadubini ya elektroni akaona seli ndogo zilizobanwa kati ya utando wa unyuzi na ala yake ya nje, mithili ya noti iliyofichwa kati ya godoro na shuka. Aliziita seli satelaiti kwa jinsi zilivyokaa pembezoni. Miaka kumi baadaye Moss na Leblond, kwa kutumia panya wachanga wanaokua, walionyesha kwamba seli hizo hugawanyika, na baadhi huingia ndani ya unyuzi na kutoa kiini chao. Ndizo seli shina za msuli. Zikiamshwa na jeraha au kazi nzito, zinaleta mabalozi wapya.

Hapo ndipo nadharia ilipojijenga yenyewe, na inavutia kwa wepesi wake. Kama kila kiini kina himaya ya ukubwa fulani, basi msuli ukitaka kutuna lazima uongeze viini, na ukisinyaa lazima upunguze. Mtaa ukipanuka wateue mabalozi. Watu wakihama, wafute kazi. Kwa nadharia hiyo kukua na kukonda ni barabara moja, ya kwenda na ya kurudi. Vitabu vya kiada vilifundisha hivyo kwa miaka mingi.

Nusu ya pili ya kanuni hiyo ndiyo iliyovunjika kwanza.

Kuanzia miaka ya 1990 maabara nyingi ziliripoti kwamba msuli unaposinyaa, viini vyake vinakufa kwa ule utaratibu wa seli kujiua kwa mpango. Njia yao ilikuwa kukata vipande vyembamba vya msuli, kuvipaka rangi inayoonyesha DNA iliyokatikakatika, kisha kuhesabu. Shida ni kwamba msuli umejaa viini visivyo vyake. Kuna seli za mishipa midogo ya damu, seli za tishu unganishi, seli satelaiti zenyewe, seli za kinga zinazopita. Kwenye kipande kilichokatwa, kiini cha jirani aliyelala ubavuni mwa unyuzi kinafanana sana na kiini kilicho ndani. Ukikuta maiti mlangoni, huwezi kusema mara moja ni wa nyumba ipi.

Katika Chuo Kikuu cha Oslo, Jo Bruusgaard na Kristian Gundersen waliamua kuacha vipande na kutazama msuli ulio hai. Walimlaza panya kwa dawa ya usingizi, wakafunua msuli mwembamba wa muundi unaoinua vidole vya mguu, wakachoma unyuzi mmoja mmoja kwa sindano ya kioo na kuingiza kitu kinachong'arisha viini vyake peke yake. Wakahesabu, wakafunga. Baada ya muda wakarudi kwenye unyuzi uleule. Matokeo ya 2008 yalikuwa makavu: wiki kadhaa za kusinyaa, na hakuna viini vilivyopotea.

Mwaka 2010 walikwenda mbali zaidi. Walipunguza msuli wa jirani ili ule wa vidole ubebe mzigo peke yake, njia ya kikatili kidogo ya kumpeleka panya jimu. Viini vilianza kuongezeka siku ya 6. Unene wa nyuzi ulianza kuongezeka siku ya 9. Mabalozi walifika kabla ya nyumba kujengwa. Ndani ya siku 21 viini vilikuwa vimeongezeka kwa asilimia 54. Kisha, kwa kundi jingine, walikata mshipa wa fahamu siku ya 14 ili msuli usifanye kazi kabisa. Nyuzi zilikonda mpaka asilimia 40 ya unene wao wa kileleni. Viini vilivyoongezwa vilikuwa bado vipo miezi mitatu baadaye.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, unatoka kwa mdudu. Kiswahili kimetupa hapa bahati ya maneno, maana nondo ni chuma cha kunyanyua na nondo ni kipepeo wa usiku. Lawrence Schwartz wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, ametumia miaka mingi kuchunguza nondo wa tumbaku, Manduca sexta. Mdudu huyo akiwa ndani ya gamba lake la kugeukia ana misuli mikubwa ya tumbo ambayo ataitumia kusukuma na kutoka, kisha basi. Kabla hajatoka misuli hiyo hupungua uzito kwa takriban asilimia 40. Akishatoka, inakufa yote ndani ya kama siku moja na nusu. Ni mfano safi, kwa sababu hakuna fundi wala kisu. Mwili wenyewe umepanga. Na ndani ya misuli hiyo, wakati wa kusinyaa na hata wakati wa kufa kwenyewe, viini havipungui. Nyumba zimebomolewa zote na balozi yumo.

Ukikaa na jambo hili, halishangazi sana. Msuli unaokaa bila kazi hauozi. Unavunjwa kwa utaratibu. Mwaka 2001 ziligunduliwa jeni mbili, atrogin-1 na MuRF1, zinazowashwa kwa nguvu msuli unaposinyaa. Kazi yake ni kuzitia alama protini zinazotakiwa kupelekwa kwenye mashine ya kusagia. Jeni hizo ziko wapi? Ndani ya viini vya unyuzi. Kwa maneno mengine, hati ya kubomoa husainiwa na balozi mwenyewe. Unyuzi ukifuta viini vyake katikati ya kazi, utabaki bila wa kusimamia ubomoaji, wala wa kujenga mvua zikirudi.

Kwa hiyo nakubaliana na Oslo na Amherst katika hili: kukonda kwa msuli si kukua kulikogeuzwa nyuma. Kinachoondoka upesi ni protini na maji. Watumishi hawafukuzwi kwa urahisi.

Lakini "hawafukuzwi kwa urahisi" si sawa na "hawaondoki milele", na hapa ndipo waandishi wa makala za mazoezi wanaponikera. Huko Kentucky, kundi la Charlotte Peterson na John McCarthy liliwapa panya gurudumu la kukimbilia lililoongezwa uzito kidogo kidogo, mazoezi ya hiari yanayofanana na ya binadamu kuliko upasuaji. Viini viliongezeka. Gurudumu lilipoondolewa, ripoti yao ya 2019 ilionyesha vilipungua tena. Wenzao wa Oslo wana maswali kuhusu namna ya kuhesabu, wao wana maswali kuhusu mkato wa neva. Kwa binadamu kuna kipimo cha ajabu kidogo. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliijaza anga kaboni-14, ambayo imekuwa ikipungua tangu hapo. Kaboni hiyo huingia kwenye DNA siku kiini kinapotengenezwa, na hukaa kama muhuri wa tarehe. Mwaka 2005, huko Stockholm, Kirsty Spalding na Jonas Frisén walisoma muhuri huo kwenye misuli ya mbavuni ya watu wanaokaribia miaka 40, wakapata wastani wa umri wa miaka 15.1. Si wa jana, na si wa tangu kuzaliwa.

Nusu ya kwanza ya kanuni, ile isemayo huwezi kutuna bila mabalozi wapya, nayo imepigwa. Kentucky haohao, mwaka 2011, walitengeneza panya ambao seli satelaiti zao ziliuawa kwa zaidi ya asilimia 90 wakiwa wamekomaa, kisha wakaupa msuli mzigo kwa wiki mbili. Ulitanuka sawasawa na wa panya wa kawaida, bila viini vipya. Oslo walirudia mwaka 2016 wakapata kinyume. Ugomvi ulikuwa mkali kwa viwango vya watu wanaoandikiana kwa adabu. Kilichotuliza kidogo ni umri: panya wachanga wanaokua kweli wanazihitaji seli hizo, ila aliyekomaa ana akiba. Millay, akiwa sasa Cincinnati, alionyesha mwaka 2020 kwamba ukiwazuia panya wasikusanye viini vyao vyote utotoni, nyuzi zao zinakuwa ndogo, lakini hazipungui kwa kiwango kilekile viini vilivyopungua. Kila kiini kilichopo kinahudumia eneo kubwa kuliko kawaida. Balozi wa nyumba kumi anaweza kuhudumia kumi na tano akilazimika. Idadi ya viini ni dari, na dari yenyewe ina mnyumbuko.

Sasa lile swali la kumbukumbu. Hata tukikubali kwamba viini vinabaki, bado haijathibitishwa kwamba ndivyo vinavyoharakisha kurudi. Jaribio lililokaribia zaidi lilikuwa la Ingrid Egner na kundi la Oslo, 2013. Panya jike walipewa testosteroni kwa siku 14. Viini viliongezeka kwa asilimia 66 na unene wa nyuzi kwa asilimia 77. Homoni ikaondolewa, nyuzi zikarudi kwenye unene wa kawaida, viini vikabaki. Miezi mitatu baadaye, ambayo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya maisha ya panya, misuli ilipewa mzigo kwa siku sita. Waliowahi kupata homoni waliongezeka unene kwa asilimia 31. Wenzao hawakusogea kwa kiasi cha maana.

Unaona mara moja kwa nini watu wa michezo walikaa wima. Mwanariadha anayekamatwa na dawa hufungiwa, anatumikia, anarudi akiwa safi damuni. Tangu 2015 kanuni za Shirika la Kupambana na Dawa Michezoni Duniani zinaweka adhabu ya kawaida ya kosa la makusudi kuwa miaka minne badala ya miwili. Kama dawa ilimwachia viini ambavyo havikaguliki kwa mkojo wala damu, je, huyo anayerudi ni yuleyule aliyekuwa kabla? Tunajua, kwa uchunguzi wa Fawzi Kadi nchini Sweden wa mwaka 1999, kwamba wanyanyua vyuma waliotumia steroidi walikuwa na viini vingi zaidi katika nyuzi zao kuliko wenzao wasiotumia. Hatujui vinadumu muda gani baada ya kuacha. Kufunga watu maisha kwa ushahidi wa panya jike ningepinga. Kujifanya swali halipo ningepinga pia.

Kwa watu wa kawaida ushahidi unayumba, na sababu yake ni sindano. Kwa binadamu huwezi kurudi kwenye unyuzi uleule. Unachota kipande cha msuli, chenye ukubwa wa punje kadhaa za mchele, na mara nyingine unachota sehemu tofauti. Niklas Psilander na wenzake huko Sweden walifundisha mguu mmoja kwa wiki 10, wakaupumzisha wiki 20, kisha wakafundisha yote miwili kwa wiki 5. Mguu uliowahi kufundishwa haukutuna zaidi ya ule mgeni, wala viini havikuwa vimeongezeka. Mwaka 2024 kundi la Norway lilifundisha misuli ya mkono, wiki 10, mapumziko wiki 16, wiki 10 tena: viini viliongezeka katika nyuzi za kasi na vikabaki wakati wa mapumziko, lakini faida yake katika kurudi haikuonekana waziwazi. Mwaka huohuo, Jyväskylä nchini Finland, waliofanya mazoezi wiki 20 mfululizo walimaliza sawa na waliokatisha katikati kwa wiki 10, kwa kuwa hao wa pili walirudi kwa kasi.

Kwa hiyo kasi ipo, ila huenda mwandishi wake si idadi ya viini pekee. Kundi la Adam Sharples nchini Uingereza lilionyesha mwaka 2018 kwamba DNA ya msuli hubeba alama za kikemia, zile zinazoamua jeni ipi iwe wazi na ipi ifungwe, na kwamba baadhi ya mabadiliko ya alama hizo yaliyotokea katika wiki saba za mazoezi yalibaki baada ya wiki saba za kukaa, yakaongezeka mazoezi yaliporudi. Huenda basi kumbukumbu haiko kwenye idadi ya mabalozi bali kwenye madaftari yao. Dau langu, kama ningelazimishwa kuweka, lingekuwa kwamba ni vyote viwili, na daftari linabeba sehemu kubwa kwa mtu ambaye hajawahi kugusa dawa.

Uzeeni hesabu inabadilika. Seli satelaiti hupungua, hasa kando ya nyuzi za kasi zinazotuinua kwenye kiti na kutuokoa tunapojikwaa. Mabalozi waliopo wanaweza kuendelea, lakini wa kuteua wapya ni wachache. Ndiyo hoja ya wanaosema kijana anyanyue mzigo mapema ajiwekee viini vya akiba. Inaingia akilini, ila hakuna aliyefuatilia watu kwa miaka arobaini akawahesabia, na mzee wa sabini anayeanza leo bado hupata nguvu, viini vipya au bila.

Nilimweleza dada wa mazoezi-tiba haya yote wiki ya nane, nikiwa nimekaa kitini na mfuko wa mchanga wa kilo tatu kifundoni. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akasema, "Sawa, kaka. Bado kumi na mbili," akachukua futi. Tofauti ilikuwa sentimita moja na nusu.